Kura Iliyobaki Riverdale Park

Elieth alikuwa anapiga pasi shuka ambalo lilikwisha kunyooka. Mwatumu aliliona hilo kabla hajavua koti. Mtu anayerudia kupiga pasi shuka lililonyooka ana jambo, na jambo lenyewe halihusiani na nguo.

"Mdogo wangu, zima hiyo pasi tuongee."

"Naongea huku nafanya, dada. Kazi haijaisha."

"Imeisha. Zima."

Elieth akazima. Mikono akaificha ndani ya aproni.

Mwatumu alikuwa amefanya upelelezi polisi kule Tanga kwa miaka mingi, na sasa alikuwa na leseni ya upelelezi binafsi ya jimbo la Maryland na chumba kimoja cha ofisi Bladensburg, juu ya duka la fundi cherehani. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alipopigiwa simu asubuhi ile na Gitau, Mkenya mwenye nyumba ya wageni hapa Riverdale Park, aliuliza maswali matatu tu, akachukua funguo za gari.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mgeni mmoja, Fergus Tansey, mbunge kutoka Ayalandi, alikaa hapa wiki nzima akihudhuria mkutano wa sera za viwanda pale chuo kikuu. Jana jioni alipelekwa uwanja wa ndege, ng'ambo ya mto, jimbo la Virginia, karibu na Herndon. Akafika, akasema hana pasi ya kusafiria. Ndege ikaondoka, naye akarudishwa hapa. Leo asubuhi akasema aliyeiba ni mwanamke wa usafi. Polisi wamekwisha pigiwa simu, na wamesema watafika saa nane mchana.

Na Jumatatu, Elieth ana usaili wa uraia. Amesubiri siku hiyo kwa miaka. Jina lake likiingia kwenye jalada la wizi leo, usaili wa Jumatatu utakwendaje?

"Uligusa begi lake?" Mwatumu aliuliza.

"Niligusa. Zipu ilikuwa wazi kidogo, nikairekebisha. Basi."

"Basi?"

"Haki ya Mungu, dada."

 Mwatumu alimfuata Gitau ofisini, kijichumba kando ya jiko chenye meza, kompyuta na picha kubwa ya harusi. Gitau alikuwa amevaa suti kana kwamba polisi wanakuja kumposa binti yake.

"Madam, mimi sitaki kumharibia mtu," alisema. "Lakini kamera ni kamera. Hii niliiweka juu ya watu wa insurance, si ati nilikuwa nawaspy. Cheki mwenyewe."

Picha ilionyesha sebule, jana asubuhi, wageni wakiwa wanakunywa chai chumba cha pili. Begi kubwa la magurudumu limesimama ukutani. Elieth anaingia, anageuka nyuma, anatazama mlango. Anapiga magoti. Mgongo wake unaziba kila kitu. Kisha anasimama, anafuta mikono kwenye aproni, anatoka mbiombio.

"Rudisha nyuma," Mwatumu alisema. "Simamisha hapo, kabla hajapiga magoti."

Zipu ilikuwa imefungwa mpaka mwisho, na kikufuli chake kidogo kikining'inia wazi.

"Umeona?" Gitau alisema kwa huzuni. "Na ni mtu mpoa sana huyu. Hata kanisani wanamwamini na watoto. Sasa mimi nitado nini?"

"Kwanza utanyamaza. Nani mwingine alishika begi hilo?"

"Ezekiel, dereva. Ye ndiye alimpeleka."

Ezekiel alipokea simu akiwa barabarani. Alipoulizwa walipita wapi jana, akasema Bladensburg, ingawa Bladensburg si njia ya kwenda Herndon hata kwa mlevi. Mwatumu akamwuliza alikwenda kufanya nini huko. Kijana wa watu akaanza kubabaika.

"Ezekiel, sina siku nzima."

"Wife ako kwa kazi ya kuangalia wazee, madam. Alisahau viatu zake za kazi kwa gari. Nilipitia tu kumdropia. Usiambie Gitau, ataniua."

"Mgeni alikuwa wapi?"

"Ndani ya gari. Na hiyo bag alikataa niweke kwa buti. Alikuwa nayo hapo kwa seat, ameishikilia hivi, kama mtoto."

Hapo njia ya dereva ikaishia. Mwatumu alikata simu, akaenda chumba cha kulia.

Mezani alikaa mwanamume wa makamo, tai imelegea, macho mekundu, mbele yake kompyuta iliyofunguliwa. Huyu alikuwa Mark, mtu wa ofisi ya chama cha Tansey, chama kilicho serikalini, aliyekuja naye kutoka Dublin. Kwenye kioo kulikuwa na ukumbi mkubwa, viti vimejipinda nusu duara, na mtu aliyevaa miwani akizungumza kwa sauti ya mhasibu.

"Ni bunge letu," Mark alisema kwa Kiingereza. "Wanajadili matumizi ya serikali. Kura ni leo."

Waziri alikuwa anasema kwamba fedha za umma haziwezi kwenda kila mahali, kwamba nchi imeamua kuweka uzito kwenye kiwanda kikubwa cha vipuri vya kompyuta karibu na mji mkuu, na kwamba ruzuku za viwanda vya zamani zitakatwa. "Lazima tuwekeze kwenye kazi za kesho," alisema, na watu wa upande wake wakapiga makofi.

Mwanamke mmoja wa upinzani akasimama. "Kesho ya nani, Mheshimiwa Spika? Watu wa Ballyrowan wanalipa bili ya umeme leo. Wanafuma mazulia leo. Waziri awatazame usoni awaambie wangoje kesho wakiwa wanakula nini." Makelele yakaanza. Spika akaomba utulivu. Yule mwanamke akanyoosha kidole kwenye kiti kilichokuwa kitupu. "Mwenzangu wa Ballyrowan angepaswa kuwa pale. Tunatofautiana vyama, lakini leo namwonea huruma. Tumemsikia redioni asubuhi, ameibiwa ugenini na mfanyakazi wa nyumba aliyolala."

"Amekwenda hadi redioni?" Mwatumu aliuliza.

"Kwa simu, alfajiri," Mark alisema. "Ilibidi. Kila mtu alikuwa anauliza yuko wapi."

Mwatumu akavuta kiti. "Nieleze mimi, niliye mgeni wa mambo yenu. Mbunge mmoja akikosekana kuna nini?"

"Kwa kawaida hakuna kitu. Tuna desturi. Mbunge wa serikali akiwa safarini, mmoja wa upinzani naye anakubali kutopiga kura. Zinafutana, hakuna anayeumia. Safari hii upinzani ulikataa. Wameona wanakaribia kushinda. Kwa hiyo mnadhimu wa chama, anayesimamia kura zetu, aliniagiza nimrudishe Fergus hata kwa kumbeba."

"Arudi apige kura gani?"

Mark akasugua macho. "Chama kinataka ndiyo. Ballyrowan wanataka hapana. Kiwanda cha mazulia ndicho kila kitu pale. Bila ruzuku hakimalizi mwaka. Fergus alisimama mbele ya geti lao, akawaahidi."

"Akipiga hapana?"

"Chama kinamtimua."

"Akipiga ndiyo?"

"Ballyrowan wanamtimua."

"Na akikaa tu huku Marekani, akisema hajisikii kurudi?"

"Hapo wanamtimua wote."

Mwatumu alimtazama Mark, na Mark akaitazama kompyuta yake. Alikuwa mtu wa chama tangu ujana. Ama hakuwa ameliwaza jambo lile, ama alikuwa analikimbia.

"Ubalozi wenu mliupigia?"

"Nilitaka, palepale uwanjani. Wana mtu wa zamu, angeweza kutupatia hati ya dharura, na kulikuwa na ndege nyingine baadaye. Fergus akasema hapana, tuanze na polisi."

"Ulimwona akipekua begi?"

"Mimi nilikuwa mbele kwenye foleni. Alinifuata akaniambia amekwisha pekua kila kitu."

Mwatumu akamshukuru, akarudi chumba cha kufulia. Elieth alikuwa amewasha tena pasi. Safari hii Mwatumu aliichomoa yeye mwenyewe ukutani.

"Elieth, umenidanganya. Zipu ilikuwa imefungwa. Nimeiona kwa macho yangu. Polisi nao wataiona, na wao hawatakuita mdogo wangu. Uliingiza mkono mle kufanya nini?"

Machozi yakamtoka Elieth kabla ya maneno. Akakaa juu ya kapu la nguo.

"Nilimwekea kahawa."

"Nini?"

"Kahawa, dada. Ya shambani kwetu, mama aliituma. Nikaifunga kwenye kipande cha kitenge, nikaichomeka katikati ya mashati. Mashati yenyewe nilimnyooshea mimi. Bosi hataki kabisa tupeane zawadi na wageni. Mwenzangu mmoja alifukuzwa kwa kitu hichohicho. Ndiyo maana nikafanya kwa kujificha."

"Yaani unakubali kuitwa mwizi kuliko kusema umetoa zawadi?"

"Nilijua pasi itaonekana tu! Nilijua ataikuta mfukoni, yaishe, na kazi yangu nibaki nayo." Alijifuta pua kwa aproni. "Wiki nzima ananisalimia kwa jina. Ananiuliza nimelalaje. Ananisimulia watu wake wa mazulia, jinsi atakavyowapigania. Sasa mgeni wa hivyo unamwachaje aondoke mikono mitupu? Wewe ungeweza?"

Mwatumu asingeweza. Kwao Tanga angemfungia na halua juu.

"Yeye ulimwambia?"

"Sikumwambia. Nilitaka aikute kwao, afurahi."

"Tangu arudi jana umeingia chumbani kwake?"

"Bosi kanikataza hata kukanyaga ngazi."

 Mwatumu akamwambia Elieth anawe uso, akamwita Gitau, akamwita Mark, akawaambia wamfuate juu bila kusema neno.

Tansey alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mwenye nywele nyeupe na uso wa upole, uso wa mtu anayekumbuka majina ya watoto wa watu. Shati lilikuwa la jana. Kola imekunjamana, na kulikuwa na doa la chai kifuani. Mkoba mdogo wa begani ulikuwa wazi kitandani, na mswaki ukitokeza. Begi kubwa lilisimama pembeni, limefungwa.

"Samahani kwa usumbufu, Mheshimiwa," Mwatumu alisema kwa Kiingereza. "Nataka kuelewa tu. Uwanjani ulipoikosa pasi, ulifanya nini?"

"Ambacho yeyote angefanya. Nililiweka begi chini, nikatoa kila kitu."

"Kila kitu?"

"Shati moja moja. Nilikunjua, nikakung'uta, nikakunja. Mara mbili. Na jana usiku hapa, mara ya tatu."

"Na mashati?"

"Yalikuwa mashati. Yamenyooshwa vizuri, hilo nitamsifu." Alisema kwa masikitiko, na masikitiko yalionekana ya kweli. "Sipendi jambo hili, bibi. Huyo dada nilimpenda. Lakini kuna kamera."

"Ipo. Hukukuta chochote kisicho chako?"

"Hapana. Kwani angeweka nini? Yeye alitoa."

"Naomba ulifungue."

"Nadhani tuwangoje polisi."

"Polisi watakuja. Sisi tuko hapa sasa."

Tansey alimtazama Mark, kama anayetaka mtu wa kumsaidia kukasirika. Mark hakukasirika. Basi akaliinua begi, akaliweka kitandani, akavuta zipu.

Mashati yalikuwa yamepangwa vilevile, kola juu ya kola, yamekunjwa kwa ule mkunjo wa Elieth wa mikono nyuma. Mwatumu hakugusa kitu. "Nyanyua lile la bluu," alisema. Tansey akalinyanyua.

Chini yake kulikuwa na kifurushi cha ukubwa wa tofali, kitenge cha njano na nyekundu, kimefungwa mafundo mawili. Harufu ya kahawa ikajaa chumba.

"Hii ni nini?" Tansey aliuliza.

 Gitau alifungua mdomo, Mwatumu akainua kidole, naye akaufunga. Lile swali likabaki hapo kitandani na Tansey mwenyewe akaanza kulisikia. Shingo ilimwiva kwanza, kisha mashavu.

"Alikuja kuiweka leo asubuhi," alisema haraka.

"Mimi ndiye nilimkataza kupanda huku," Gitau alisema, sauti imekauka. "Ni wewe uliniambia. Na funguo zote mbili za hiki chumba uko nazo."

"Kwa hiyo kilikuwemo tangu jana," Mwatumu alisema. "Kilikuwemo uwanjani, Mheshimiwa, ulipokuwa unakung'uta shati moja moja. Mtu aliyepoteza pasi hupindua begi hadi soksi. Wewe hukulifungua kabisa. Umelala na umeamka na shati la jana, na hukulifungua. Hukuwa na unachotafuta. Pasi iko wapi?"

"Fergus," Mark alisema polepole. "Mwambie amekosea."

Tansey alikaa kitandani. Chaga zikalia. Akavuta ule mkoba mdogo, akatoa kipochi cha vifaa vya kunyolea, na kutoka chini ya wembe akatoa kijitabu cha rangi nyekundu iliyokoza, akakiweka juu ya kitenge.

"Nilitaka ipotee tu, nisiwe na kura ya kupiga," alisema. "Kupotea hakuna mwenye kosa. Mark akauliza nani aligusa begi. Nikasema sijui, labda wa usafi. Baadaye ikaonekana kamera, na kweli alikuwa amegusa. Nikaanza kujiambia labda..."

"Labda nini? Pasi ulikuwa nayo wewe!" Mwatumu alikuwa na hasira na hakujisumbua kuificha. "Wa usafi ana jina."

"Elieth."

"Unalijua. Na redioni ukalisahau?"

Nje gari likasimama. Gitau akachungulia dirishani, akasema polisi wamefika.

"Unashuka wewe," Mwatumu alimwambia Tansey. "Si mimi, si Mark. Wewe mwenyewe, na pasi mkononi."

Alishuka. Ofisa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, na alimsikiliza pale kibarazani huku treni ya abiria ikipita nyuma ya nyumba na kumlazimisha aseme mara ya pili. Pasi ipo. Nilikuwa nayo mimi. Hakuna aliyeiba. Ofisa aliuliza kama kuna jina la mtu yeyote la kuandika. Tansey akasema hakuna, isipokuwa lake. Ofisa akamtazama sana, akamwonya kuhusu kuwaita polisi kwa uongo, akaandika, akaondoka.

Mwatumu alibaki kibarazani mpaka gari lilipokata kona kuingia barabara kuu. Hapo tu ndipo aliporudi ndani.

Gitau alikuwa mlangoni mwa jiko, amevua koti la suti. "Elieth, woiye, nisamehe. Nilipanic. Kazi yako iko. Na hiyo kahawa... ungeniambia tu."

"Sawa, bosi," Elieth alisema. Hakumtazama.

Katika chumba cha kulia, kengele zilikuwa zinalia ndani ya kompyuta, ndefu, za kuita wabunge. Mark alikuwa amerudi mezani, na Tansey alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Milango ikafungwa. Namba zikaja. Upande wa waziri ukasimama ukishangilia.

"Serikali imeshinda," Mark alisema. "Kwa kura moja."

"Na yangu ingekuwepo?" Tansey aliuliza, ingawa alijua.

"Ungepiga hapana, ingekuwa sare. Kwenye sare Spika huacha mambo yabaki yalivyo. Ruzuku ingebaki." Mark akafunga kompyuta. "Sikutaka upige hapana, Fergus. Ndiyo kazi yangu. Lakini ningekuheshimu."

Tansey alimgeukia Elieth. Alimwomba msamaha, kwa jina, na kwa maneno mengi. Mbunge ni mbunge. Elieth alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwa Kiswahili, akamwomba Mwatumu amtafsirie, maana hili hakutaka alikosee.

"Mwambie baba yangu alikuwa kiwanda cha magunia. Siku serikali ilipoamua kukifunga, mbunge wetu alikuwa nje, ziara ya mafunzo. Mwambie baba alimtetea yule mtu mpaka anaingia kaburini. Kila akikaa na wenzake alisema, angekuwepo asingekubali, angekuwepo asingekubali. Hajawahi kumsema vibaya hata siku moja." Akaweka sawa aproni. "Mwambie mimi kunisingizia nimemsamehe. Hilo lingine si langu."

Mwatumu alitafsiri yote, hakupunguza neno. Tansey alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Simu yake ikaanza kutetemeka mezani. Jina lilikuwa Bridie. Mark alilisoma, akasema ni mwenyekiti wa wafanyakazi wa kiwanda cha mazulia. Ilitetemeka mpaka ikanyamaza. Ikaanza tena.

Mwatumu akaisogeza kwa kidole hadi mbele ya Tansey. Tansey akaipokea, na kwa mkono usiojua unachofanya akabonyeza kipaza sauti.

"Fergus?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, imechoka, na nyuma yake watu wengi wakiongea kwa chini. "Tumeona matokeo. Usijilaumu, mwanangu. Niko nao wote hapa kantini na nimewaambia. Tunajua ungekuwepo usingekubali."

Tansey alifumba macho. Elieth hakuwa ameelewa kila neno, lakini alielewa, akamtazama usoni na kungoja.

"Bridie," Tansey alisema. "Waambie wanyamaze kidogo, wote wanisikie. Mimi sikuibiwa."